Mtambaji na Siri Yake: Maoni Kuhusu Msimu wa Pili wa Showa Genroku Rakugo Shinju

1.0 Utangulizi

Kila chombo kipya kinachoipokea fasihi simulizi huipokea nusunusu. Edward Steere alipozichapisha ngano za Unguja mwaka 1870, msomaji alipata maneno ya mtambaji, lakini hakuupata uso wake wala kitikio cha waliokuwa wakimsikiliza. Redio ilipoingia ilirudisha sauti. Watoto waliokuwa wakikisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam walimsikia mtambaji, ila hawakumwona, naye hakuwaona. Filamu na televisheni zilirudisha uso, lakini zikampokonya mtambaji kazi yake: badala ya mtu mmoja kuwa watu kumi kwa sauti na macho yake, wakaletwa waigizaji kumi.

Filamu za katuni zingetazamiwa kulizidisha tatizo hili. Katika katuni lolote linalosimuliwa laweza kuchorwa. Zimwi laweza kuonekana na meno yake yote, wala hadhira haina haja ya kujiumbia kitu chochote akilini. Ndiyo maana tamthilia ya katuni ya Kijapani iitwayo Showa Genroku Rakugo Shinju ilistahili kuangaliwa na kila mtu anayejishughulisha na fasihi simulizi, hata kama hajui neno moja la Kijapani. Tamthilia hiyo inatokana na kitabu cha katuni cha Haruko Kumota kilichotoka kwa mfululizo katika jarida la ITAN kati ya 2010 na 2016. Ilitengenezwa na Studio Deen chini ya uongozaji wa Mamoru Hatakeyama, na ikaoneshwa kwa misimu miwili: sehemu 13 mwaka 2016 na sehemu 12 mwaka 2017. Wasanii wake wangeweza kuchora chochote. Walichochagua kuchora, kwa dakika nyingi mfululizo, ni mtu mmoja aliyeketi juu ya mto akisimulia.

Makala haya yanahusu msimu wa pili, ambao wapo watazamaji wengi walioupokea kwa machozi na sifa. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba msimu huo ulirudi nyuma kutoka pale msimu wa kwanza ulipofika. Msimu wa kwanza uliuamini utambaji kuwa ndio unaobeba maana; msimu wa pili uliikabidhi maana hiyo kwa siri, ushahidi na maungamo. Tofauti hiyo si ya ladha tu, kwani inagusa swali la namna sanaa ya mdomo inavyoweza kuishi ndani ya chombo kisichokuwa chake.

2.0 Rakugo ni sanaa gani

Rakugo ni utanzu wa masimulizi uliokomaa katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, na katika eneo la Osaka na Kyoto. Fanani ni mmoja. Hupiga magoti juu ya mto, akakalia visigino vyake, na haondoki hapo mpaka amalize. Vifaa vyake ni viwili: upepeo wa kukunja na kitambaa cha mkono. Upepeo huweza kuwa kiko, upanga, au vijiti vya kulia tambi. Kitambaa huweza kuwa barua au mkoba wa fedha. Wahusika hutofautishwa kwa sauti na kwa kugeuza kichwa, upande huu akisema bwana na upande ule akijibu mtumishi. Kabla ya hadithi yenyewe huwapo maneno ya kuichangamsha hadhira, ambayo kidhima hayako mbali sana na paukwa na pakawa ya mtambaji wa Kiswahili. Mwishoni huwapo kauli au tendo la kuiangusha hadithi ghafla, na kutokana na kuanguka huko ndiko utanzu ulikopata jina lake.

Katika mkondo wa Tokyo mwanafunzi hupita ngazi tatu. Huanza kama zenza, mtumishi wa nyumbani kwa mwalimu na wa nyuma ya jukwaa. Hupanda akawa futatsume. Na baada ya miaka mingi huitwa shin'uchi, bingwa awezaye kufunga onyesho na kuchukua wanafunzi wake mwenyewe. Majina ya kisanii hurithiwa, kiasi kwamba jina moja huweza kubebwa na watu wanane au tisa kwa zamu.

Kwa muktadha wa hoja hii, jambo la kukumbuka ni kwamba hadhira ya rakugo mara nyingi huijua hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Haiji ukumbini kuuliza nini kitatokea. Huja kuona fulani atakifanyaje kile ambacho wote wanajua kitatokea. Mulokozi (1989) ameieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Rakugo ni mfano ulio wazi kabisa wa maelezo hayo, kwa sababu ukiondoa tukio kinachobaki ni kichekesho kifupi ambacho kila mtu amekwisha kukisikia.

Mfano mzuri ni Shinigami, hadithi iliyo moyoni mwa tamthilia inayozungumziwa. Hadithi hiyo huhusishwa na Sanyutei Encho (1839–1900), naye aliitoa katika chimbuko la Ulaya. Kisa kinachofanana nayo kimo katika mkusanyo wa ndugu Grimm wa mwaka 1812. Mtu fukara anafundishwa na mungu wa mauti namna ya kuponya: mungu huyo akikaa miguuni pa mgonjwa, aweza kufukuzwa, akikaa kichwani, mgonjwa ni wa kufa. Kwa tamaa ya fedha mtu huyo anakigeuza kitanda. Anachukuliwa mpaka kwenye pango la mishumaa, kila mshumaa uhai wa mtu, na wake u karibu kuzimika. Anajaribu kuhamisha moto, mkono unamtetemeka, na mshumaa unazimika. Katika namna iliyozoeleka, mtambaji hasemi kwamba mtu huyo amekufa. Yeye mwenyewe huanguka kifudifudi jukwaani. Mwisho wa hadithi u katika mwili wa fanani, na hakuna kitabu kiwezacho kuuchapa.

3.0 Kilichofanikiwa katika msimu wa kwanza

Msimu wa kwanza unaanza na kijana aliyetoka gerezani, ambako alimsikia bingwa Yakumo wa nane akiisimulia Shinigami. Anakwenda moja kwa moja kuomba awe mwanafunzi wake, naye anapewa jina la Yotaro. Nyumbani kwa Yakumo anaishi Konatsu, binti wa marehemu Sukeroku, ambaye alikuwa mtambaji mwenzake Yakumo na rafiki yake wa tangu utotoni. Konatsu anaamini kwamba Yakumo ndiye aliyemwua baba yake. Yakumo anawaketisha vijana hao wawili na kuwasimulia, na sehemu zote zinazofuata, isipokuwa ya mwisho, ni usimulizi huo.

Ujenzi huu ulikuwa na busara. Maisha ya Yakumo, wakati alipokuwa bado akiitwa Kikuhiko, yanajulikana mwisho wake tangu mwanzo: mtazamaji anajua kwamba Sukeroku atakufa, na pia mwanamke Miyokichi aliyependwa na kuachwa. Kwa hiyo anatazama kama hadhira ya rakugo inavyotazama, akifuata namna na si habari. Na namna hiyo imo katika utambaji. Kikuhiko hafaulu jukwaani kwa sababu anamwiga Sukeroku, ambaye ucheshi wake unafurika kama maji. Siku anapovaa mavazi ya kike katika mchezo wa kuigiza na kuhisi macho ya watu yakimfuata, anagundua kwamba nguvu yake iko katika ukimya, ulaini na hila. Hakuna mhusika anayeyaeleza mabadiliko hayo kwa kirefu. Mtazamaji anayasikia katika sauti ya Akira Ishida, na kuyaona katika vidole na shingo ya mtu aliyechorwa.

Hali kadhalika, tofauti ya falsafa za watu wawili hao haikuwekwa kama mjadala. Sukeroku anatamba kwa ajili ya watu. Kikuhiko anatamba ili apate mahali pa kuwapo yeye mwenyewe. Katika nyumba ya wageni ya kijijini, Sukeroku aliyekwisha kufukuzwa katika ukoo wa watambaji anapanda jukwaani na kuisimulia Shibahama, hadithi ya mlevi ambaye mkewe anamdanganya kwa upendo ili aache pombe. Mtambaji mwenyewe ni mlevi, na mkewe yuko karibu kurudi. Mtazamaji hahitaji kuambiwa zaidi.

4.0 Kasoro za msimu wa pili

4.1 Siri inapogeuka kuwa jibu

Katika msimu wa pili anajitokeza mwandishi aitwaye Higuchi, mpenzi wa rakugo anayekusanya hadithi zilizopotea na kutafuta habari za Yakumo. Inapatikana filamu ya zamani yenye utambaji wa usiku ule wa kijijini. Baada ya kuitazama, mzee Matsuda, mtumishi wa miaka mingi, anafichua kwamba mambo ya usiku ule hayakwenda kama Yakumo alivyosimulia. Konatsu, akiwa mtoto, alihusika katika kuanguka kwa wazazi wake, na Yakumo alijitwisha lawama muda wote huo ili mtoto asijue.

Wazo hili lilikuwa na uwezo mkubwa. Linamaanisha kwamba msimu mzima wa kwanza ulikuwa ngano: kazi kubwa ya mtambaji aliyetunga uongo kama ule wa mke katika Shibahama, kwa upendo na bila kutaka malipo. Hapana budi kukiri kwamba mawazo kama hayo hayapatikani kila siku katika filamu za aina yoyote. Lakini wazo hilo lilitendwaje? Lilitolewa na mtu wa pembeni, kwa maelezo, mbele ya watu wawili, baada ya ushahidi wa filamu. Mwenye uongo hakuulizwa. Aliyeongopewa hakuwapo. Fumbo lililolelewa kwa mwaka mzima lilifumbuliwa kama karani afunguavyo jalada na kusoma kilichomo.

Aidha, siri haikuleta utambaji wowote mpya. Mtu angetarajia kwamba Yotaro, baada ya kujua mwalimu wake ameishi ndani ya hadithi ya kubuni, angeibeba habari hiyo jukwaani, hata asiitaje, nasi tuisikie katika namna atakavyosema neno moja la kawaida. Badala yake tunamwona akiumia usoni, kisha kisa kinaendelea.

Udhaifu huu unajirudia katika sehemu ya mwisho kwa ubaya zaidi. Tangu mwanzo wa msimu Konatsu amekataa kumtaja baba wa mtoto wake Shinnosuke, na ukataaji huo ulikuwa na heshima yake. Yotaro anakubali kuwa baba bila kuuliza sana, na hapo ndipo utu wake unapoonekana. Baada ya miaka mingi, Higuchi anakisia kwamba huenda baba ni Yakumo, mtu aliyemlea Konatsu, na Konatsu hakatai waziwazi. Kisio hilo halina kazi. Halizai tendo, halibadilishi uamuzi wa mtu yeyote, wala halikuandaliwa na utambaji wowote uliotangulia. Linaichafua nyumba nzima kwa nyuma, kisha tamthilia inafunga mlango. Huo si ukimya wa fanani anayejua kunyamaza; ni uvumi.

4.2 Konatsu na miaka iliyorukwa

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tangu utotoni Konatsu anazijua hadithi za baba yake kwa moyo, na tangu utotoni anaambiwa kwamba rakugo si kazi ya wanawake. Msimu wa pili unampa nafasi moja nzuri: anawasimulia watoto wadogo hadithi ya Jugemu, yenye jina refu la mtoto linalorudiwarudiwa mpaka kila mtu acheke. Kwa dakika hizo chache tamthilia inarudi kwenye ubora wake. Mlango unafunguliwa kidogo, na mtazamaji anangoja uone nani atausukuma.

Hausukumwi. Tamthilia inaruka zaidi ya miaka kumi, na tunapofika ng'ambo Konatsu amekwisha kuwa mtambaji. Nani alimkubali kuwa mwanafunzi? Alipanda jukwaani na sauti ya nani, ya baba yake au yake mwenyewe? Hadhira iliyozoea kumsikia mwanamume akimwiga mwanamke ilimpokeaje mwanamke anayemwiga mwanamume? Maswali haya si ya kubuni. Tsuyu no Miyako alianza uanafunzi wake katika mkondo wa Osaka mwaka 1974, na ilipita takriban miaka ishirini kabla ya wanawake wa kwanza wa Tokyo kupewa ngazi ya shin'uchi mwaka 1993. Katika miaka hiyo palikuwa na hadithi za kurekebishwa na sauti za kutafutwa upya. Tamthilia iliyotumia sehemu nyingi kuonesha jinsi mwanamume mmoja alivyoipata sauti yake haikumpa mwanamke huyo hata sehemu moja ya kuitafuta yake.

4.3 Swali la uhai wa sanaa

Kasoro ya tatu inahusu swali ambalo msimu wa pili wenyewe uliliuliza. Yakumo anataka rakugo ife pamoja naye. Neno shinju katika anwani lina maana ya wapendanao kufa pamoja, na mpenzi wake wa kweli ni sanaa hiyo. Higuchi anataka hadithi mpya ziandikwe. Yotaro anataka tu kutamba. Hapa palikuwa na misimamo mitatu iliyo dhahiri, na kila mmoja una watetezi wake popote fasihi simulizi inapojadiliwa, kuanzia Tokyo hadi Dar es Salaam.

Lakini jibu linatolewa kwa kuruka miaka. Jumba la zamani limeungua, Yakumo amekufa, kisha tunaoneshwa jumba jipya, watu wamejaa, Yotaro amekuwa Yakumo wa tisa na Shinnosuke amerithi jina la Kikuhiko. Rakugo imeishi. Imeishi vipi? Hatuambiwi.

Historia yenyewe ina majibu yenye uzito kuliko jumba lililochorwa likiwa limejaa. Mwaka 1884 hadithi ya Encho iitwayo Botan Doro iliandikwa kwa hatimkato neno kwa neno na kuchapishwa, na lugha ya usemi ya kazi hizo ikawasaidia waandishi wa riwaya waliokuwa wakitafuta namna ya kuandika kama watu wanavyosema. Mwaka 1941, wakati wa vita, watambaji walizizika hadithi 53 zilizoonekana hazifai kwa zama hizo, wakiziwekea mnara katika hekalu moja la Asakusa; vita vilipokwisha, mwaka 1946, walizirudisha. Mkondo wa Osaka ulikaribia kukatika kabisa baada ya vita. Katsura Beicho wa tatu (1925–2015) na wenzake wachache waliwaendea wazee, wakazikusanya hadithi vipandevipande, wakaziunga na kuzitamba tena. Mji huo ulikaa miaka kama 60 bila jumba la kudumu la rakugo, mpaka lilipofunguliwa la Tenma Tenjin Hanjotei mwaka 2006 kwa michango ya watu. Kila tukio kati ya haya lina hofu, hasara na hila za watu wasiotaka kitu chao kife. Higuchi angeweza kuwa mwanafunzi wa njia hiyo. Tamthilia ilimfanya mpelelezi wa mambo ya nyumbani kwa watu.

5.0 Utetezi na jibu lake

Yako mambo mawili yanayoweza kutolewa kuutetea msimu huu. La kwanza ni kwamba una sehemu zenye nguvu zisizosahaulika. Yakumo mzee anaingia peke yake katika jumba tupu, anawasha mshumaa na kuitamba Shinigami, na rafiki aliyekufa anamjia kwa sura ya mungu wa mauti. Moto wa hadithi unakuwa moto wa kweli. Sehemu ya kufa kwake, anapokutana na Sukeroku katika safari ya ahera, nayo imefanywa kwa upole na ucheshi. Sifa hizi ni za haki. Hata hivyo zinaithibitisha hoja ya makala haya, kwani katika hali zote mbili tamthilia imeacha kueleza na kurudi kwa mtu anayetamba, au kwa ulimwengu ambao hadithi zake zilikuwa zikiuchora.

La pili ni kwamba msimu wa pili ulifungwa na kitabu cha Kumota, na waongozaji hawakuwa na uhuru wa kubadili kisa. Ni kweli kwamba kisa kilikuwa tayari. Lakini msimu wa kwanza nao ulitoka katika kitabu hichohicho, na kitabu hakina sauti. Kila utambaji uliosikika mwaka 2016 ulikuwa uamuzi wa watu waliojua wapi pa kurefusha na wapi pa kufupisha. Uwezo huohuo ungeweza kuyapunguza maelezo ya Matsuda, kuliacha kisio la Higuchi, na kumpa Konatsu muda wa jukwaani. Mtambaji pia hufungwa na hadithi aliyoirithi, na bado huhukumiwa kwa anavyoitamba.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kwamba msimu wa kwanza wa Showa Genroku Rakugo Shinju ulionesha jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: kwamba chombo chenye uwezo wa kuchora kila kitu chaweza kujizuia, kikamwacha fanani afanye kazi yake na hadhira ifanye yake. Msimu wa pili ulipoteza imani hiyo. Ulidhani kwamba mtazamaji anataka kujua nani alifanya nini usiku ule na nani ni baba wa nani, ukasahau kwamba alikuwa amekwisha kufundishwa kutaka kitu kingine.

Somo hili linawahusu pia wale wanaozihamishia ngano za Kiswahili kwenye filamu na katuni, kazi ambayo vijana wengi wameanza kuifanya. Mara nyingi hushughulika kwanza na namna ya kumchora sungura. Inafaa waanze na bibi anayemsimulia sungura huyo: anapumua wapi, anamtazama mtoto gani anaposema jina la fisi, na ananyamaza kwa muda gani kabla ya neno la mwisho. Tamthilia hii ya Kijapani ilijua hayo yote kwa sehemu kumi na tatu. Anayetaka kujifunza na azitazame hizo kwa makini, kisha azitazame na zile kumi na mbili zilizofuata, akiandika kila mahali ambapo mtu anaanza kueleza kile ambacho kingeweza kutambwa.